Mchezaji akiuvaa Mkono wa Vecna: njia nne za kumjibu, na lini utumie ipi

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa simulizi na kete, kundi la wahusika wa ngazi ya 9 limepewa kazi iliyonyooka: lichukue sanduku la chuma lenye Mkono wa Vecna, kiganja cha kichawi cha mchawi muovu, lilifikishe kwenye hekalu la milimani, lirudi kuchukua ujira. Mwendesha mchezo, ambaye mezani wengi tunamwita DM (Dungeon Master), amejiandaa. Ana ramani ya njia, ana wavamizi wa kuwavizia darajani, ana kuhani mkuu mwenye siri zake. Usiku wa kwanza kambini, mchezaji anayemwendesha askari, ambaye jioni yote amekuwa kimya, anasema: "Wenzangu wakilala nafungua sanduku. Naukata mkono wangu wa kushoto, nabandika huu."

Meza nzima inageuka kumtazama DM.

Jibu atakalotoa ndani ya nusu dakika ijayo lina uzito kuliko maandalizi yake ya wiki nzima. Nimeona kampeni, yaani visa virefu vya vikao vingi, zikifa kwa swali la namna hii, na nimeona nyingine ambazo wachezaji wake wanazisimulia mpaka leo kwa sababu ya jibu walilopewa usiku ule. Kwa hiyo naweka hapa njia nne ambazo DM huwa nazo, moja kando ya nyingine, na nasema wazi ipi naiamini wakati gani. Mifano mingi inatoka Dungeons & Dragons toleo la tano, kwa kanuni za kitabu cha DM cha 2014, maana ndio mchezo ambao watu wengi huanza nao. Lakini mchezo wowote unaoruhusu mtu kushika kitu kikubwa kuliko yeye utakuletea usiku kama huu.

Kitabu kimeshasema nini

Mkono na Jicho la Vecna, yule mchawi aliyekataa kufa, viliingia kwenye mchezo mwaka 1976 katika kitabu cha nyongeza cha Eldritch Wizardry, miaka miwili baada ya Dungeons & Dragons yenyewe kuanza kuuzwa. Sharti la kuuvaa Mkono ni la kikatili: ukate wako wa kushoto kwenye kifundo cha mkono, ubandike ule kwenye kidonda. Ukishashika, unakupa nguvu za mwili 20 kama hukuwa nazo. Pigo lako linaongezwa baridi ya kete 2 za pande 8. Unapata pia chaji 8 za kutumia uchawi, ukiwemo wa kuua mtu kwa kumnyooshea kidole na wa kuhamisha kundi zima kufumba na kufumbua.

Malipo nayo yameandikwa. Tabia ya mhusika inageukia uovu. Kila akitumia uchawi wa Mkono, Mkono nao unamtupia ushawishi wa kutenda jambo ovu, na asipofikisha 18 kwenye kete ya kujinusuru, anatii. Na siku mkono huo ukitoka mwilini, anakufa.

DM wengi wanaoshtuka mchezaji anapotoa kisu huanza kutunga adhabu zao wenyewe bila hata kufungua ukurasa. Kifaa tayari kina adhabu, tena iliyofikiriwa vizuri kuliko utakayoitunga kwa jazba. Mwaka 1979, Gary Gygax alipoandika mwongozo wa DM wa Advanced Dungeons & Dragons, aliacha nafasi tupu chini ya vifaa vya aina hii ili kila DM achague nguvu na madhara yake kwenye orodha, mchezaji aliyesoma kitabu asijue kila kitu. Leo mchezaji anasoma kila kitu kwenye simu akiwa chini ya meza. Siri imeondoka, na mimi siililii. Mchezaji anayejua bei halafu bado anakata mkono anacheza kitu kikubwa zaidi kuliko aliyeingia mtegoni bila kujua.

Njia ya kwanza: kuzuia

Hii ndiyo inayokuja mdomoni kabla ya zote. "Sanduku halifunguki." "Kisu hakijagusa ngozi, mlinzi anaamka." "Unaubandika, hakuna kinachotokea." Au kwa upole zaidi: usiku huohuo mwizi anaondoka na sanduku, na kulipokucha safari inaendelea kumfuata mwizi.

Uzuri wake ni kwamba hadithi uliyoiandaa inabaki salama na wachezaji wengine waliotaka kufika hekaluni wanafika. Kwa mchezo wa jioni moja, pale watu wamekutana kucheza kisa chenye mwanzo na mwisho na kila mtu ana basi la kuwahi, hilo si jambo dogo.

Ubaya wake huonekana baadaye. Mchezaji aliyezuiwa hagombi. Anaacha tu kupendekeza. Vikao vichache mbele DM anauliza "mnafanya nini?" na meza inajibu "tunaendelea na njia." Wamejifunza kwamba kazi yao ni kurusha kete tu, na maamuzi yana mwenyewe.

Hata hivyo kuna kizuizi kilichokuwepo na kizuizi kilichozaliwa sasa hivi, na hivi viwili havifanani. Chukua sanduku lenye kufuli tatu. Funguo walipewa wahusika watatu, mmoja mmoja, siku walipokabidhiwa mzigo, na kila mtu mezani alisikia. Mchezaji akisema anafungua, DM anajibu: "Ufunguo wako unafungua kufuli moja. Nyingine mbili ziko shingoni mwa wenzako waliolala." Hapo hajazuiwa, amepewa tatizo: aibe, ashawishi, au avunje na kelele ziwaamshe. Kizuizi kilichozaliwa sekunde hii wachezaji wanakinusa hata ukikipamba vipi. Kipimo changu ni daftari. Kama kizuizi hakikuwa kwenye daftari lako kabla mchezaji hajafungua mdomo, usikitumie.

Njia ya pili: ruhusu, lakini taja bei kwanza

DM anasema: "Inawezekana. Kabla hujashusha kisu, jua hivi. Ukishashika hautoki ukiwa hai. Utaanza kuona watu kama vyombo vya kutumia. Na kila ukiuamuru ufanye uchawi, nao utakuamuru jambo. Bado unakata?"

Kisha ananyamaza.

Ukimya huo ndio utamu wa mchezo. Mchezaji anawaangalia wenzake, anaangalia karatasi ya mhusika wake, mtu mmoja anacheka kwa wasiwasi. Mara nyingi anakata. Wakati mwingine anafunga sanduku taratibu, na mhusika wake anaendelea na safari akiwa na siri kwamba alilifungua. Matokeo yote mawili ni mali. Na mchezaji ndiye aliyeyachagua akiwa macho, kwa hiyo baadaye Mkono ukimdai, hakuna wa kumlaumu DM.

Wapo wanaouliza: askari wa kawaida amejuaje yote hayo? Jibu lipo kila mara. Amesikia hadithi utotoni, Mkono unamnong'oneza, ameota. Hata kama jibu ni jepesi kidogo, mimi nachagua mchezaji ajue. Haki mezani inatangulia fumbo.

Mchezo wa Fate umeijenga njia hii ndani ya kanuni zake. Mwendeshaji anampa mchezaji pointi ili akubali matatizo yanayotokana na sifa ya mhusika wake, na mchezaji akitaka kukwepa analipa pointi yeye. Anayecheza Dungeons & Dragons anaweza kuazima wazo hilo kwa kutumia Inspiration, tuzo ambayo DM humpa mchezaji kwa kuigiza vizuri: Mkono unapomwamuru askari atende uovu na mchezaji akauigiza kwa moyo wote badala ya kutafuta upenyo, mpe. Utashangaa jinsi watu wanavyokimbilia matatizo wakijua matatizo yanathaminiwa.

Udhaifu wa njia hii ni biashara. Mchezaji akianza kujadili bei, "na nikivaa glavu?", "na kama kasisi ataniombea?", kikao kinageuka mnada. Taja bei mara moja, jibu swali moja au mawili ya kweli, kisha uliza tena: unakata? Udhaifu wa pili ni wa DM mwenyewe. Akiwa moyoni hataki jambo litokee, atapanga bei ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeilipa. Huko ni kuzuia tu, isipokuwa sasa umemfanya mchezaji akatae kwa niaba yako. Jiulize kama wewe, ungekuwa upande ule wa meza, ungeweza kuikubali. Kama hapana, rudi uipunguze.

Njia ya tatu: ruhusu yote, dunia ijibu

Hapa DM hamwongezei mchezaji chochote. Mkono umebandikwa, chaji 8 ni zake, kesho wavamizi wa darajani wanakufa kabla hawajachomoa panga. Waache wafe. Mchezaji ameununua ushindi huo kwa kiungo cha mwili wake. Kuwaongezea wavamizi nguvu gizani ni kumwibia. Jibu linatoka kwa watu wa dunia hiyo: nani alikitaka kifaa hiki, nani anakiogopa, nani anadai ni chake?

Kwenye kisa chetu majibu yanajitokeza yenyewe. Kuhani mkuu amesubiri sanduku na sasa analetewa mtu. Wafuasi wa Vecna wamekuwa wakiutafuta Mkono miaka mingi. Mfalme aliyelipia safari atasikia kwamba askari aliyemwajiri anatembea na silaha ambayo hakuna ngome ya kuihimili.

Chombo kizuri cha kuendesha haya kinatoka Blades in the Dark, mchezo wa John Harper wa 2017: saa. Unachora duara, unaligawa vipande 4, 6 au 8, unaliandikia jambo linalokuja, na unapaka rangi kipande kila jambo linaposogea. Chora moja ya vipande 6, iandike "Wafuasi wa Vecna wanajua", iweke katikati ya meza kila mtu aione. Askari akitumia uchawi wa Mkono mbele ya mashahidi, paka kipande. Akiutumia porini bila shahidi, usipake. Mara moja utaona wachezaji wanaanza kupanga: tupite msituni, tumfunge mkono kwa bandeji, tuseme ni ukoma. Saa imewapa kitu cha kuchezea, na wewe hujakataza chochote.

Kinachonifanya niipende njia hii kuliko zote ni mahali inapoweza kufika. Mkono ukishavaliwa, Jicho linakuwa na maana mpya. Aliye navyo vyote viwili mwili unajiponya kete 1 ya pande 10 kila zamu, na kila siku 30 anaweza kutumia uchawi wa Wish, ule wa kutimiza ombi. Ila kila akitumia uchawi wa Jicho, kuna uwezekano wa asilimia 5 kwamba Vecna atairarua roho yake na kuila, na tangu hapo mhusika ni wa DM. Na kanuni ya kuviangamiza ni moja tu: viwe kwenye mwili mmoja, na mwenye mwili huo auawe kwa Upanga wa Kas, kifaa kingine mashuhuri cha mchezo huu. Njia nyingine yoyote itaonekana imefaulu, kumbe vifaa vimerudi kwenye mojawapo ya maficho ya Vecna.

Soma kanuni hiyo ukiwa umemkumbuka askari wetu. Njia pekee ya kuuondoa uovu huu duniani inapita kifuani mwa rafiki yao, na anayeweza kuamua kuvaa Jicho ili jambo hilo liwezekane ni yeye mwenyewe. DM hakuandaa kisa hicho. Kimetokana na kanuni iliyokuwepo na uamuzi ambao hakuna aliyeutarajia. Hekalu la milimani lingeweza kutoa kitu kama hiki? Sidhani.

Gharama zake ni za kweli. DM ataacha nusu ya alichoandaa na atalazimika kufikiri papo hapo. Zaidi ya hapo, askari anaanza kuwa mwenye hadithi na wengine wanakuwa mashabiki wake. Hili la pili ndilo linaloua meza, na dawa yake ni kuwapa wengine sehemu ya jibu la dunia. Kuhani amwendee kasisi wa kundi, si askari. Mjumbe wa mfalme amtafute mwizi na kumpa ofa ya siri. Familia ya askari iandike barua kwa yule mchawi aliyesoma naye. Mkono ni wa mmoja, ila mzigo wake ugawanye kwa wote.

Njia ya nne: simamisha mchezo, ongeeni kama watu

"Ngoja kidogo. Mhusika wako atageukia uovu, na Mkono unaweza kumwamuru awadhuru hawa wengine. Nyie wengine mko tayari kwa mchezo wa namna hiyo?"

Kuna DM wanaoiona hatua hii kama kushindwa, kana kwamba fundi mzuri hatoki kamwe nje ya hadithi. Sikubaliani nao hata kidogo. Baadhi ya maamuzi yenye kifaa kikubwa hayamhusu mhusika mmoja. Kubadili tabia ya mmoja kuwa muovu kunabadilisha mchezo wa wote. Na kumsimulia mtu akijikata kiungo, kwa undani, mbele ya mwenzako ambaye huenda amepitia jambo hospitalini ambalo hukulijua, si suala la kete. Kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos ipo kwa ajili hiyo: kadi inakaa mezani, yeyote akiigusa mnapita juu ya jambo lile bila kuulizana sababu. Mkono bado unaweza kuvaliwa. Kinachorukwa ni simulizi ya kisu.

Hasara yake ni moja na inajulikana: joto la kisa linashuka. Ukiitumia kila mchezaji anapokushangaza, meza itageuka kikao cha kamati. Itunze kwa pale ambapo jibu la kweli liko kwa watu waliokaa, na wahusika hawana la kusema.

Njia hizohizo mbele ya vifaa vingine

Mkono wa Vecna ni mfano wa kifaa chenye bei iliyoandikwa. Vingine vinakuja kwa sura tofauti, na chaguo bora linahama.

Chukua mchezaji aliyechoka kubeba kifaa cha hatari na kuamua kukitumbukiza kwenye bag of holding, mfuko wa kichawi wenye nafasi kubwa ndani kuliko nje, kisha mfuko wenyewe ndani ya portable hole, shimo la kichawi linalokunjwa na kubebwa. Kanuni iko wazi: vyombo vyote viwili vinaangamia, lango la ulimwengu wa Astral linafunguka, na kila aliye ndani ya futi 10, kama mita 3 hivi, ananyonywa na kutupwa mahali pasipotabirika huko. DM anayezuia hapa anapingana na kitabu kilicho mezani. Bei nayo haina haja ya kutungwa, ila hakikisha mchezaji anaijua kabla hajachomeka mkono, maana mhusika aliyeishi na mfuko huo miezi kadhaa angelijua. Baada ya hapo ni njia ya tatu moja kwa moja: kifaa kinaelea Astral, wanakoishi wagithyanki, watu wa vita wa ulimwengu huo, na mwenye kukiokota sasa si mtu wa kwenu.

Karata za Deck of Many Things ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu mchezaji anaamua kuvuta lakini haamui anachovuta. Kanuni inamtaka atangaze idadi ya karata kabla ya kuvuta ya kwanza. Anaweza kupata ngome, anaweza kupata maombi ya Wish, anaweza kuvuta The Void na roho yake ikafungiwa ndani ya kitu mahali ambapo DM atapachagua, mwili ukabaki umelala. Karata ya Talons inateketeza vifaa vya kichawi alivyovaa au kubeba. Hapa njia ya nne inakwenda mbele ya zote, na inafanyika kabla pakiti haijaonekana mezani kabisa: tuko tayari kampeni igeuzwe na karata moja? Meza ikisema ndiyo, basi usilainishe matokeo. Ikisema hapana, usiiweke pakiti. DM anayeiweka halafu anaanza kuchambua karata mbaya chini ya meza amewanyima watu furaha na hatari kwa pamoja. Ushauri mdogo ninaoupenda: mchezaji aliyepotelewa na mhusika kwa The Void apewe wa muda siku hiyohiyo, tena mwenye sababu ya kuitafuta roho ile. Karata ya Fates, ambayo inamruhusu aliyeivuta kufuta tukio moja kana kwamba halikutokea, ikiangukia mkononi mwa mwenzake kikao kijacho, utakuwa na jambo la kusimuliwa.

Halafu kuna wale wanaouza. Wamepata kifaa ambacho DM alikusudia kiokoe dunia, na wao wanauliza soko liko wapi. Kuzuia kunavutia sana hapa, lakini sioni sababu. Anayeweza kununua kitu cha namna hiyo ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa mwenye kifaa kikubwa ni adui wa miezi sita ijayo ambaye hukulazimika kumtunga. Wape pesa zao, zote, bila wizi wa njiani.

Kifaa kisichoua

Katika kampeni niliyoitunga ya miji ya pwani, kifaa kikuu kilikuwa siwa, baragumu kubwa ya kifalme. Siwa za kweli, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilipulizwa kwenye sherehe za watawala na harusi za koo kubwa. Ya kwangu niliipa kanuni moja: anayepuliziwa mbele ya mji uliokusanyika ndiye mtawala halali, na kila aliyeisikia anajua hivyo moyoni. Wachezaji waliitoa chini ya bahari. Mrithi alikuwa kijana wa ukoo wa kifalme, mstaarabu, anasubiri gatini na ngoma na mazulia.

Wakaipuliza kwa ajili ya mzee fundi wa majahazi aliyewaazima chombo bila kuwadai kitu.

Kuzuia kungewezekana: siwa ingekataa kulia kwa asiye na damu ya ukoo. Lakini kanuni waliijua tangu mwanzo na haikutaja damu. Bei ya kutangaza haikuwepo, maana yote waliyokuwa wanayajua yalitosha. Nikaruhusu. Mji mzima ulipiga goti mbele ya mzee mwenye vumbi la mbao kwenye ndevu, naye akawageukia wachezaji akauliza kwa hofu ya kweli, "Wanangu, mmenifanyia nini?" Kikao kilichofuata nilichora saa tatu: koo kubwa zinafunga maghala, kijana mrithi anatafuta meli na askari nje ya nchi, na mafundi wa gatini wanaanza kudai mshahara kwa mtawala wa kwao. Wachezaji hawakuondoka tena mji ule. Walikuwa wamepanga kwenda mbali. Sasa walikuwa na mzee wa kumlinda.

Kifaa kisicho na kete ya madhara kinafaa njia ya tatu kuliko silaha yoyote. Hakuna anayelalamika kwamba askari amekuwa na nguvu kupita wenzake, maana nguvu imekwenda mjini na kila mhusika ana mlango wa kuiingilia.

Nachaguaje

Swali langu la kwanza ni kama mchezaji alijua. Alijua kifaa ni nini, kinadai nini, na akaamua? Basi dunia ijibu, kikamilifu, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Hakujua, au alijua nusu? Taja bei, mwache aamue upya. Hata kama kisu kilikuwa kimeshashuka, mrudishe sekunde moja nyuma. Hakuna aliyewahi kuharibiwa mchezo kwa kuulizwa mara ya pili.

Swali la pili ni la nani atakayelipa. Kama gharama inamwangukia aliyeamua na dunia inayomzunguka, endelea. Kama inamwangukia mwenzake aliyekaa kushoto kwake, ambaye hakuulizwa, simamisheni muongee. Hapa sina nafasi ya majadiliano. Askari kuuvaa Mkono ni uamuzi wake. Kutumia Mkono kumuua kasisi wa mwenzake usiku huohuo kunahitaji neno la mwenye kasisi.

Kuzuia kunabaki na sehemu mbili tu: kizuizi kilichokuwa kwenye daftari, na mchezo wa jioni moja ambao watu waliukubali hivyo kabla ya kukaa. Kwenye kampeni ndefu sijapata bado hali ya tatu iliyonishawishi.

Uzoefu wa meza nao una neno. Wachezaji wapya kabisa waendeshe kwa njia ya pili karibu kila mara, kwa sababu hawana picha ya ukubwa wa wanachokigusa, na kutajiwa bei kunawafundisha kwamba maamuzi yao yana uzito. Meza iliyocheza pamoja miaka mingi haihitaji kutajiwa; itaona kama unaipunguzia mwendo. Mpe mchezaji mzoefu Fimbo ya Orcus, mfalme wa mashetani wa mchezo huu, na anajua tayari kwamba kujifungamanisha nayo ili aitumie kunadai kete ya kujinusuru, na kwamba akishindwa anakufa na kuinuka akiwa mfu anayetembea. Mwache arushe.

Na kama wewe ndiye DM mpya, usianze na Mkono wala pakiti ya karata. Weka mezani kifaa chenye nguvu kubwa kinachotumika mara moja tu kisha kinakwisha: jiwe la kuinua kuta, pembe ya kuita dhoruba, ombi moja lenye mipaka iliyoandikwa. Wachezaji watakitumia mahali ambapo hukupafikiria, ndani ya kikao kimoja utakuwa umelijibu hilo, na kikao kijacho kifaa hakipo tena ila matokeo yake yapo. Fanya hivyo hadi usiku mtu atakapokushangaza na mkono wako usikimbilie daftari kutafuta sababu ya kukataa. Ukifika hapo, tafuta sanduku la chuma na kufuli tatu.